Shemeji Kaja Kuomba Kazi

Jumatatu, 3 Machi
Wamejaa. Korido, ngazi, mpaka mlango wa maabara — wanafunzi wa Chuo cha Ng'ambo na mabegi yao. Chuo chetu walikiita gofu. Leo wanasukumana kuingia. Serikali mpya imesema mkopo utamfuata mwanafunzi popote asomapo, si Ng'ambo tu kama enzi za rais aliyepita, aliyekijenga chuo hicho kwao. Na mgodi uliokuwa ukiwaajiri umefungwa. Basi wamevuka daraja.
Nimewapita bila salamu. Raha yake!

Jumatano, 5 Machi
Mkuu wa chuo kaniita. Wanafunzi wamezidi, tuongeze wahadhiri, mimi niongoze usaili. Mwombaji wa kwanza — Shemeji. Mume wa mdogo wangu. Ndiye aliyekuwa mkuu wa idara yetu ya ujenzi, akahamia Ng'ambo na wahadhiri wote, na mashine ya kupimia zege juu ya lori. Aliniacha uani na neno moja: shemeji, utatufungia mlango. Miaka sita nafundisha zege kwa kuchora ubaoni. Watu wakanipa jina, Nguzo, kwa kuwa sikuhama.
Nimemwambia Mkuu sina pingamizi. Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wangu kaja ofisini. Hakukaa. Anasema mumewe anashinda chumbani, hata watoto hasemi nao, madarasa ya kule yamebaki matupu. Dada, msitiri.
Nikamuuliza, siku waliponiacha peke yangu, nyumbani kwenu alisemaje?
Akainama. "Alicheka. Na mimi nilicheka, dada. Nisamehe."
Nimemwambia usaili ni usaili.

Ijumaa, 7 Machi
Swali langu nimeshalitunga. Nalirudiarudia nikipika, nikioga. Atalikumbuka mpaka kaburini.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika chooni. Nimewaomba wenzangu kwenye jopo dakika chache.
Aliingia na suti iliyompwaya. Akaniita Mheshimiwa Mwenyekiti. Alijibu vizuri — vizuri mno, mhandisi aliyeketi kando yangu alikuwa akitikisa kichwa kama anasikiliza muziki. Zamu yangu ikafika. Nikamuuliza: upepo ukigeuka tena, Ng'ambo ikaneemeka, safari hii utaondoka na nini?
Nikangoja atokwe jasho.
"Nitaondoka, shemeji," akasema, taratibu. "Na wewe safari ile ungekwenda. Jina lako nililipeleka, wakubwa wa kule wakalikata. Nikaona heri unichukie mimi kuliko ujue hawakukutaka."
Nguzo. Sikukataa kuhama mimi. Sikuitwa. Na miaka yote hiyo niliamini ni yeye aliyeniruka.
Anasema kweli, au anajua pa kunigusa? Yule aliyecheka na mkewe, ndiye aliyenipigania? Wenzangu wameshampa alama za juu. Inangojewa yangu tu. Naitafuta chuki — ipo, haijapungua hata chembe, ila sijui tena niielekeze kwa nani. Na yeye ndiye aliye karibu.
Mhandisi anagonga mlango. Mwenyekiti, uko salama? Tunakusubiri.
Nimefungua bomba, adhani nanawa.