Keki ya Wifi Suzana

Gongoni, Tabora
28 Januari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hapa kwa Kaka Eliya wote wazima, ni mimi tu nina mafua kwa kunyeshewa nikitoka shule. Huko je? Mgongo wako? Baba na tumbaku yake? Mwambie yule kuku wangu mwekundu asichinjwe mpaka nije likizo.

Utashangaa naandika wakati simu ipo. Mama, simu yenu ni moja, na Baba akipokea anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, na mimi sauti inakwama. Unanijua. Shuleni nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho wa sentensi. Twalibu amekubali kubeba barua zangu kwenye gari lake kila akija mjini, ila kasema akigundua ni za mapenzi anazitupa njiani.

Sasa habari yenyewe. Mimba ya Wifi Suzana ina miezi mitano, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba Jumamosi ya tarehe 2 Machi wanafanya sherehe ya kutangaza mtoto ni wa kike au wa kiume. Wateja wake wa saluni ndio waliomwonyesha kwenye simu. Inakuwa hivi: inaokwa keki, nje nyeupe, ndani ina rangi. Ikikatwa ikawa pinki, ni binti. Ikiwa bluu, ni mvulana. Hata baba na mama wa mtoto hawajui mpaka kisu kiingie. Anayejua ni mtu mmoja tu aliyeambiwa hospitali, na huyo ndiye anayempa rangi mpishi wa keki.

Mtu huyo ni mimi.

Wifi kanichagua kwa sababu, maneno yake mwenyewe, "Reche hata umbane na mlango hasemi." Dada wa altrasaundi aliwatoa nje wote wawili akaninong'oneza. Tangu siku hiyo Kaka ananifuata kama ananidai. Juzi kaninunulia chipsi mayai, akakaa mbele yangu: "Usiseme chochote, Reche. We kohoa tu mara moja kama ni dume." Na mafua haya. Nimekibana kikohozi mpaka machozi yakanitoka, na Kaka akasema machozi nayo ni jibu, ila hajui la upande gani.

Wifi anaomba mje. Hajaniambia niwabembeleze, ila naona anasubiri.

Mwanao,
Recheli


Urambo
4 Februari 2024

Mwanangu Recheli,

Marahaba. Sisi tupo, mgongo wangu ni ule ule uliouacha. Kuku wako yu hai, lakini anafukua mbegu zangu, kwa hiyo siahidi. Nimempa Twalibu asali ya mafua yako na michembe ya viazi. Usiimalize na kaka yako, mpe na mkamwana wangu.

Hiyo sherehe ya rangi nimeisoma, nikarudia, nikampa na baba yako. Yeye kauliza kama keki yenyewe inaliwa.

Mimi siji. Mtoto hatangazwi akiwa tumboni. Kwetu hata kitambaa cha kumfutia hakikatwi mpaka asikike analia. Akilia, ndipo watu wanaulizana ni nani. Mwaka juzi walinunua nguo wakapanga kabatini, kaka yako na useremala wake akaunda na kitanda. Nilisema, nikaonekana mbaya. Ukaona yaliyotokea. Leo wanaita watu na maputo.

Siwakatazi, nyumba ni yao. Na tumbaku iko motoni, moto ukilala kwenye bani la kuikaushia, mavuno ya mwaka yamekwenda.

Wewe kaa na siri yako, na usome.

Mama yako


Gongoni
11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini moto wa bani unawaka vizuri na Baba anapata usingizi. Asali imenifungua kifua. Siku hizi nikikohoa hata kidogo Kaka anaruka kwenye kiti.

Mama, nakuandikia jambo ambalo nikiwa mbele yako nisingethubutu. Utaona mwandiko ulivyo.

Jana Wifi alikuwa ananisuka. Nikamwambia hutakuja, na sababu. Nilijua si vizuri kusema, lakini kutunza siri mbili kwa pamoja kumenishinda. Hakukasirika. Aliendelea kusuka, halafu akasema, "Mama anadhani nataka sherehe."

"Kwani hutaki?"

"Nataka watu waambiwe. Reche, yule wa kwanza, unajua alikuwa nani? Wa kike au wa kiume?"

Nikasema sijui, nilikuwa shule.

"Na mimi sijui. Nimembeba miezi saba, sijui."

Ndipo akanieleza. Kwamba alikuja Urambo kuwasalimia, uchungu ukamkuta huko, mtoto akatoka hana pumzi. Kwamba wewe na wanawake wazima mlimfunga kanga mkaenda kumzika, na yeye alipozinduka aliambiwa atulie, mambo yamekwisha. Kaka hakuruhusiwa kusogea. Hapakuwa na matanga wala kilio, kwa sababu mtoto ambaye hakulia haliliwi. Nikamuuliza Wifi kwa nini hakukuuliza wewe.

"Nilimuuliza. Akaniambia nguo zilinunuliwa mapema."

Tangu siku ile hajakanyaga Urambo. Mimi nilikuwa nadhani ni kazi za saluni.

Huyu wa sasa hataki apite kimya, Mama. Anasema hata yakitokea ya mwanzo, Mungu apishe mbali, watu watakuwa wameshamwita binti au mvulana, na hakuna atakayeweza kumwambia kwamba hapakuwa na mtu.

Alipofunga mstari wa mwisho akasema nisikuandikie. Na mimi nakuandikia. Alikuwa nani, Mama? Wewe ndiye unayejua. Nisamehe kama nimevuka mpaka. Nakuogopa, si kwa ubaya, lakini Wifi akinyamaza vile naogopa zaidi.

Mwanao,
Recheli


Gongoni
21 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Twalibu amekuja tena mikono mitupu. Nimemuuliza kama hukumpa kitu. Kasema, "Mama yako aliisoma barua pale pale barabarani, akaikunja, akaniuliza bei ya mafuta ya taa." Sijui niielewe vipi.

Kama nimekukosea nigombeze, nitashukuru. Ila usininyamazie. Kunyamaza ni kazi yangu.

Viti vimeshakodiwa. Bi Fakhria wa Ng'ambo, anayeoka keki, anataka kuambiwa rangi Ijumaa ya tarehe mosi, asubuhi. Msalimie Baba.

Mwanao,
Recheli


Urambo
27 Februari 2024

Recheli,

Marahaba. Hujanikosea.

Ulilouliza haliandikwi. Karatasi huokotwa na yeyote. Nakuja Alhamisi na Twalibu, baba yako atalinda moto. Kwenye sherehe sitakaa, nilishasema. Usimwambie mtu kwamba nakuja, nisije nikaghairi njiani nikawa nimewadanganya.

Mama yako


Gongoni
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na bani umelikuta zima. Mgongo haukuumia na ile barabara?

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Alhamisi mlipofunga mlango wewe na Wifi, mimi na Kaka tulikaa uani. Kaka alikuwa anapiga msasa kipande cha mbao ambacho hakina kazi yoyote. Tulimsikia Wifi analia. Halafu tukakusikia wewe. Mama, sikuwahi kukusikia ukilia maishani mwangu. Kaka akaacha kupiga msasa.

Ijumaa Twalibu alipokuchukua, mimi nilikuwa navaa viatu niende kwa Bi Fakhria. Wifi akaja, macho yamemvimba, akasema, "Mwambie keki iwe na matabaka mawili. La chini liwe bluu. La juu unalijua wewe." Nikabaki na kiatu kimoja mguuni. Ndivyo nilivyojua. Sikumjibu, nikiogopa ningefungua mdomo likatoka na lile lingine.

Bi Fakhria alinisikiliza, akaweka mwiko chini. "Mwanangu, una hakika huko hospitali ulisikia vizuri?" Nikasema nina hakika. "Basi mimi naoka," akasema, "lakini ikiwa vurugu, jina langu lisitajwe."

Jumamosi watu walijaa mpaka wengine wakakalia ndoo. Mchungaji wetu alikuja, wanawake wa saluni walikuja na maputo ya ziada. Kaka na Wifi wakashika kisu pamoja. Kipande kikatoka. Chini bluu, juu pinki.

Mteja mmoja wa saluni akapiga vigelegele: "Mapacha jamani, Kulwa na Doto." Uwanja mzima ukaitikia Kulwa na Doto, mama mmoja akageuza ndoo akaanza kuipiga, na unazijua nyimbo zetu za mapacha zilivyo na matusi. Zikaimbwa zote, Mama, mchungaji yuko pale na sahani yake. Akatazama juu kwenye turubai kama anaangalia mvua.

Kaka, aliyenisumbua kwa maneno mwezi mzima, mdomo haukufunguka. Wifi kabaki kashika kisu. Wote wawili wakanitazama mimi.

Nikasimama. Sijui miguu ni ya nani. Nikasema, "Siyo mapacha." Hawakusikia. Nikasema tena kwa nguvu, na ngoma ya ndoo ikanyamaza, watu wote wakanigeukia, ile hali ninayoiogopa kuliko kitu chochote duniani. Nikasema, "Huyo wa juu ni binti, yuko njiani. Wa chini ni kaka yake. Alitangulia." Sauti ilikwama katikati lakini ilifika.

Ndiyo, Mama. Ni binti. Nawe sasa unajua.

Yule wa ndoo akaikalia taratibu. Bibi mmoja wa jirani akauliza, "Huyo kaka mtu, aliitwa nani?" Nilidhani Wifi atashindwa. Akasema, "Masanja. Mkwe wangu ndiye aliyemwita hivyo siku ile, kabla hajamlaza chini."

Sikujua kwamba ulimpa jina la babu. Kaka naye hakujua, nilimwona usoni.

Basi wakamlilia. Walilia kwa sauti, pale pale kwenye viti vya kukodi na maputo juu ya vichwa, na yule aliyeanzisha nyimbo alilia kuliko wote. Mchungaji akaomba. Wakafuta machozi, pilau ikapakuliwa, na mtu akasema harufu hii ya pilau itamfanya binti atoke mapema.

Kipande cha Baba anacho Twalibu, kina rangi zote mbili. Mwambie inaliwa.

Mwanao,
Recheli


Urambo
20 Mei 2024

Mwanangu Recheli,

Marahaba. Sisi wazima, tumbaku imeuzwa. Baba yako ile keki aliimaliza siku ile ile, na mpaka leo anauliza sherehe nyingine ni lini. Kuku wako ametotoa, kwa hiyo amejiokoa mwenyewe.

Mwambie Suzana nimepalilia pale kwenye migomba nilipomlaza na nimeweka jiwe. Akipata nguvu, baada ya kujifungua, aje nimwonyeshe. Sitamharakisha.

Mfuko anaokupa Twalibu usiufungue mbele ya watu. Ni kanga yangu, ile niliyokubebea wewe. Imelainika sana. Nimeikata vipande na kuvipinda pembeni, vya kumfunga mtoto. Nakumbuka nilichosema kuhusu vitambaa, na bado nasema. Ndiyo maana nakupa wewe na siyo yeye. Viweke chini kabisa kwenye sanduku lako la shule. Usimpe mpaka umsikie mtoto analia, kwa masikio yako, usiambiwe na mtu. Asipolia, nirudishie, na tusiulizane.

Wewe ndiye mtunza siri wa ukoo huu sasa. Na nimesikia kutoka kwa Twalibu kwamba ulisema mbele ya uwanja mzima. Aliyasimulia kituoni kama yeye ndiye aliyesema.

Mama yako


Gongoni
17 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari Kaka ameshakupigia, na najua Baba aliweka sauti kubwa. Mimi nakuandikia ya kwangu tu.

Analia, Mama. Nimesikia mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Analia hata sasa ninapoandika.

Sanduku langu halina kitu tena.

Mwanao,
Recheli