Nina Wivu, na Ng'ombe wa Mjane Wanakwenda Mnadani

Mpendwa Mma Tshiamo,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatano tarehe 19 Machi, kwa sababu siku hiyo ng'ombe sita wa mama mjane watapigwa mnada kama ng'ombe wasio na mwenyewe, na ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayejua wao ni wa nani.

Nina miaka hamsini na mbili, ni karani wa chapa za ng'ombe, kwa miaka ishirini na sita nimechora chapa za watu kwenye madaftari makubwa, na mtu akija kusema kaokota ng'ombe barabarani mwenye chapa hivi na hivi nilikuwa namtajia mwenyewe na kambi anakofugia bila kufungua ukurasa, wakaniita Kichwa cha Wilaya, nami jina hilo nililipenda kuliko mshahara. Mwaka jana tarehe 11 Agosti ikaja kompyuta, na pamoja nayo akaja Boitshepo, binti wa miaka ishirini na saba, kuhamishia madaftari yangu kwenye mashine. Shajara yangu ya tarehe 3 Septemba inasema: "Watu kumi na wanne kwa B. Kwangu mmoja, aliyeuliza choo kiko wapi." Wafugaji wananitania, "Rra," yaani bwana, "leo unatuchorea au unatubonyezea?" Mkuu wangu naye ananiambia, "Pumzika, mzee, mashine imeshakumeza." Na Boitshepo huyo huyo ananiletea magwinya, maandazi yetu ya moto, saa ya chai, "Kula, Rra, umekonda," nami nayala huku namchukia.

Sasa kosa lenyewe. Sisi makarani wa zamani chapa ikihamia kwa mrithi tunaandika jina jipya pembeni kwa penseli mpaka kibali kitoke makao makuu, na kikitoka tunasahau kupitisha wino kwa kuwa tunajua kichwani, na hivyo ndivyo nilivyomwandika Mma Seabelo alipofiwa na mumewe. Tarehe 2 Oktoba Boitshepo aliniuliza, "Rra, hizi za penseli nazo niziingize?" nikamjibu, "Mwenye mashine ni wewe, iulize," akacheka akidhani natania, akaziacha zote. Tarehe 20 Februari ng'ombe sita waliookotwa wakaletwa kwenye zizi la ofisi, mashine ikasema ni wa marehemu, ikatuma ujumbe kwenye simu ya marehemu. "Mwenyewe hajibu, Rra," akasema. Nikanyamaza, maana nilitaka wauzwe, mjane aje na kibali chake mkononi, watu wote waone mashine haijui kitu na yule binti akose pa kuuweka uso wake. Lakini juzi nimesikia Mma Seabelo anawatafuta ng'ombe hao kwa miguu ng'ambo ya mto, na ndio pekee aliobaki nao. Nikisema sasa wataniuliza nilikuwa wapi siku zote, na nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nifanyeje?

Karani wa Chapa

*

Rra,

Pole. Kukaa miaka ishirini na sita ukitafutwa, kisha ukaulizwa choo, kunauma, na mkuu wako alipaswa kukuweka na yule binti meza moja tangu siku ya kwanza. Huruma yangu inaishia hapo.

Usiniambie mashine haijui kitu. Iliuliza, kwa mdomo wa Boitshepo, tarehe uliyoiandika mwenyewe, nawe ukaificha ulichokijua. Unataka kumwaibisha binti anayekulisha, na anayelipa ni mwanamke anayezunguka porini akiita ng'ombe walio hatua chache kutoka kwenye kiti chako. Na penseli ni ya Mma Seabelo peke yake? Umesema "zote". Wako wangapi humo pembeni ambao kwa serikali si wafugaji tena?

Gazeti hili unalisoma Ijumaa, na ofisi yenu haijafungwa. Beba lile daftari, lifungue mbele ya Boitshepo, weka kidole kwenye jina na umwambie, "Hili nilikuficha makusudi." Usiseme ulisahau. Ingieni pamoja kwa mkuu, mnada usimamishwe kwa maandishi. Kesho Jumamosi uende mwenyewe kumtafuta Mma Seabelo huko ng'ambo, usitume mtu. Jumatatu uanze na Boitshepo ukurasa wa kwanza, wewe ukisoma penseli, yeye akiingiza, mpaka daftari la mwisho. Kama kuna adhabu, ipokee. Ukiwa na kosa lililosahihishwa unaweza kustaafu, lakini ng'ombe wakishachinjwa hakuna cha kusahihisha.

Hukutaja wilaya yako, lakini minada hutangazwa, na Jumatano hiyo mnada ni mmoja tu. Jumatatu saa tatu asubuhi nampigia simu mkuu wako. Ningependa aniambie kwamba habari hiyo ameshaisikia kutoka kwako.

Mma Tshiamo