Mzee Mwenye Meno Yote

Makindye, Kampala

Dada yangu Adero,

Pokea salamu tele za kaka yako. Magoti yanasemaje? Macho najua yalishafunga duka, na anayekusomea haya ni Valarie wa jirani. Valarie mwanangu, soma kama nilivyoandika, usinipambe kwa adabu nisizo nazo. Mimi ni mzima, ila kinywani sina kitu. Tangu meno ya mbele yaondoke, nikisema "sukari" napiga mbinja kama birika. Wewe mwenyewe ulinicheka kwenye simu, kabla simu yako haijatumbukia kwenye karai la nguo. Kwa kuwa mpaka leo haishiki, nimemwomba Ochan, utingo wa basi la Busia, akuletee karatasi hii.

Habari ni za Vera, mjukuu wetu. Unajua yuko chuo kikuu, anasomea mawasiliano na usanifu wa michoro. Mimi na darasa langu la nne nilidhani ni kuchora vibao vya saluni. Kumbe wanafundishwa hata nafasi nyeupe, yaani mahali pasipo na kitu! Nikamwambia aniite nikafundishe, kinywa changu kimejaa nafasi nyeupe.

Muhula huu mwalimu aliwaagiza watengeneze bango la mtu aliyepotea, mtu wa kubuni tu, walibandike mjini waone kama watu watalisoma. Vera akachukua picha yangu. Ili asiwe mimi, akaigeuza kwenye kompyuta kama kwenye kioo, baka langu jeusi la shavu la kulia likahamia kushoto. Akanivika koti la kahawia nisilokuwa nalo, akanipangia meno yote, meupe pe. Nikamwambia bwana huyu bado anaoa. Akalibandika mjini, pale Nakivubo, namba yake ya simu chini.

Simu zikaanza. Mwenye duka mmoja akasema amemwona mzee huyo amesimama mbele ya bango, anajitazama. Nikacheka, nikasema ameniona mimi. Lakini akasema koti lilikuwa la kahawia, na baka liko kushoto. Kisha mama mmoja akapiga kutoka Mulago. Mzee alikuwa ameketi nje ya hospitali, anawauliza wapita njia kwa upole kama wamemwona Owuor.

Vera akabandua mabango yote, akaifuta na picha. Mwalimu alikuwa ameshampa alama za juu kuliko wenzake, eti bango limefanya kazi. Sasa mtoto hali chakula, na usiku taa haizimi.

Sasa nikuambie lenyewe. Jana nilitoka kanisani, nikamkuta Shakirah, yule jirani Mnubi anayeniuzia chai, ananikodolea macho. Akaniuliza, jaja, yaani babu, umerudi mara hii, si umeniaga sasa hivi? Akasema nilitoka chumbani na begi langu la safari, nikamwambia nakwenda kwa dada yangu asiyeona. Akanisifia na meno mapya, akaomba nicheke tena ayaone. Nilifunga mdomo, nikaenda mlangoni. Kufuli lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Ndani, begi hakuna. Kitambulisho nacho hakuna, na bila hicho sivuki mpaka wa Busia kukufuata.

Adero, anajua huoni. Akigonga, usifungue kwa sababu ya sauti. Mwambie aseme "sukari". Asipopiga mbinja si mimi, hata akikuita jina alilokuita mama. Atasema amewekewa meno mapya. Unanijua, sijawahi kumfunulia daktari kinywa. Piga kelele, majirani waje.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na kuku wako yule mwizi. Kama anayekusomea ni Valarie, mwambie arudie hapo pa sukari. Kama ni mtu mwenye sauti yangu ya zamani, aliyekuambia Valarie ametumwa dukani, basi haya hutayasikia. Atakuwa amekusomea salamu tu, akakunja karatasi.

Ni mimi kaka yako, mwenye nafasi nyeupe,
Owuor