Dhamana ya Mdogo Wangu Elia

Fridley, Minnesota

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limetulia. Mimi sijambo. Theluji imeanza kuyeyuka, na asubuhi nikitoka kazini kwa wazee ninaowauguza, hewa inanuka udongo mbichi mpaka najisahau, nadhani niko Njombe naenda kuchuma majani ya maboga.

Mama, kaa kwanza. Elia aliwekwa ndani. Ametoka na yuko salama, ndiyo maana nimeweza kukuandikia.

Mwaka jana alikamatwa akiendesha gari baada ya kunywa bia kwenye harusi ya rafiki yake. Hakumgonga mtu. Walimwachia, wakampa tarehe ya kwenda mahakamani, naye hakwenda. Aliona aibu, akaninyamazia hata mimi dada yake, akidhani jambo litajifia lenyewe. Huku halifi. Majuzi polisi walimsimamisha akitoka kiwandani Plymouth kwa sababu taa ya nyuma haikuwaka. Walipotazama jina lake kwenye kompyuta, wakamfunga pingu pale pale.

Hakimu alisema kwa kuwa alishakwepa mara moja, dhamana yake iwe dola elfu kumi. Ningeweza kuzilipa zote mahakamani na kurudishiwa kesi ikiisha, mradi Elia ahudhurie kila anapoitwa. Lakini nani ana elfu kumi? Njia nyingine ni kwenda kwa mtu ambaye biashara yake ni kudhamini watu. Unampa sehemu ya kumi, kama zaka, naye anajifunga kwa mahakama kwamba mshtakiwa atafika. Hiyo elfu moja hairudi, hata ndugu yako akionekana hana hatia. Ndiyo mshahara wake. Na ndugu yako akitoroka, wewe uliyetia sahihi unadaiwa elfu kumi zote, tena gari lako umeshaliweka rehani.

Nikiwa nimekaa katika ofisi ya mdhamini huyo nilimkumbuka Baba. Unakumbuka ng'ombe wetu alipomaliza kabichi za Baba Daudi, wakatukanana mpaka Baba akalazwa mahabusu? Wewe ulikuwa unajifunga kanga uende kumwangukia balozi wa nyumba kumi, kumbe Baba Daudi, yule yule aliyemshtaki, alikuwa ameshafika kituoni kumdhamini. Alisema hawezi kulala kwake wakati jirani yake amelala sakafuni. Hakuna aliyetoa senti. Walirudi pamoja, kila mmoja bado amenuna, ukawapa chai na viazi, wakala bila kutazamana. Mimi na Elia tulikuwa tunacheka jikoni.

Huku hakuna aliyemjua Elia. Mama wa pale ofisini aliniuliza kwa upole, "Una uhakika atakwenda mahakamani?"

Nikamwambia, "Atakwenda. Ni mdogo wangu."

Nilisema hivyo, lakini nilisoma karatasi mara mbili kabla ya kutia sahihi. Ile elfu moja ilikuwa nauli yangu ya kuja Krismasi. Ningeweza kumwacha ndani mpaka kesi isikilizwe, ila angepoteza kazi, nami nisingeweza kula nikijua yuko mle.

Alipotoka alikuwa amekonda uso. Tulipofika karibu na nyumbani alisema ana rafiki Texas, huko angeanza upya. Niliegesha gari pembeni. Sikumgombeza, Mama. Nilimweleza nilichotia sahihi, na zile pesa zilikuwa za nini. Akageukia dirisha.

Siku ya kesi nilimpitia kwake asubuhi. Niligonga, kimya. Jirani akasema alimwona ametoka mapema na begi. Niliendesha mpaka mahakamani nikijiuliza nitaishije bila gari, na nitakuambia nini wewe. Nilipofungua mlango wa chumba cha kesi, nilimwona kwenye benchi la mbele, amevaa suti, begi liko miguuni. Alikuja kwa basi. Alikuwa amefungasha soksi na sweta, akijua huenda asirudi nyumbani siku hiyo.

Nikakaa kando yake. Akaninong'oneza, "Ulidhani nimekimbia?"

"Ndiyo," nikasema.

"Hata mimi nilidhani nitakimbia."

Hakimu alimpa faini na kifungo cha nje, akamzuia kuendesha gari kwa muda. Sasa mimi ndiye ninayempeleka kazini. Njiani tunazungumza Kibena, jambo ambalo hatujalifanya tangu tuje huku, tunakumbushana baridi ya Juni, na wewe ukitufukuza kitandani ili tukawashe moto. Krismasi hii sitakuja, Mama. Nisamehe. Naanza kuweka akiba upya.

Nisalimie Mjomba fundi seremala, Shangazi wa Makambako, wifi na watoto wake, na Baba Daudi kama bado anaweza kusikia. Mwambie tunamtaja huku.

Elia atakupigia Jumapili ukitoka kanisani. Ameshanunua kadi ya simu, na nilipompitia kwake nilimsikia chumbani akijaribu maneno ya kuanzia. Nimempa barua hii mtu anayesafiri, itakufikia kabla. Akikupigia, jifanye hujui lolote. Mwache aseme mwenyewe, hata akichelewa kufika kwenye neno lenyewe.

Akupendaye, binti yako,
Rehema