Kwa Kaka Ramadhani, Ambaye Hakukosa Giza Hata Moja

Ujiji, Jumanne, siku ya nne ya giza

Mpendwa Kaka Ramadhani,

Nakuandikia saa kumi jioni, nimekaa kwenye jamvi mlangoni kwako. Shemeji Mwajuma amenipa chai na muhogo wa kuchemsha. Barua hii sitaifunga kwenye bahasha. Nitaibandika mwaloni, pale vyombo vinapofunga, kwenye ukuta wa kibanda cha mafuta ya injini, ili wenzetu waisome, na tajiri wetu mwenye chombo naye aisome akitaka. Miwani anayo.

Saa kumi jioni ndiyo ilikuwa asubuhi yako. Ulikuwa ukitoka chumbani, unaosha uso kwa kopo la bluu, halafu unatuambia "Mwakeye", salamu ambayo mama yetu wa Mwandiga alitufundisha kuwapa watu kukikucha. Majirani walikucheka. "Mzee Rama, jua linazama." Nawe ukawajibu, "Linazama kwenu. Kwangu ndiyo kwanza limetoka." Kabla sijaoa tulilala mchana chumba kimoja, kanga ya shemeji imeziba dirisha, naye anakwenda kutwanga kisamvu nyumba ya tatu ili mchi usituamshe. Muda wa kuamka hukuniita jina. Ulinibana kidole gumba cha mguu mpaka nikakaa.

Asiyelijua ziwa aelewe hivi. Giza ni zile siku ambazo mwezi haupo, dagaa wanaifuata taa, nasi tunakesha, na asubuhi tunashusha ndoo; aliyekwenda ziwani haiwahi foleni ya daktari. Mbalamwezi ikirudi taa haina kazi tena, ndipo tunapumzika, tunashona nyavu, tunaoza mabinti, tunakwenda hospitali. Hata ugonjwa wetu hupangiwa mbalamwezi.

Siku ya arobaini yako, tajiri alikuja kutoka kwake Gungu na kanzu iliyopigwa pasi. Akasimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, marehemu alikuwa mwanaume. Miaka ishirini na sita kwenye chombo changu hakukosa giza hata moja." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikawa naangalia viatu vyake. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote. Injini ya chombo chake angeweza kuisifu kwa maneno hayohayo, ila injini akiisikia inakohoa huita fundi siku ileile.

Nawe ulikohoa, kaka, sote tukasikia. Chomboni mtu akisimama ukingoni kujisaidia hakuna siri. Ulikuwa unasimama muda mrefu, yanatoka matone, unakaa, na wavu haujavutwa unasimama tena. Vijana wakasema, "Kaka Rama, hebu acha. Ziwa limeshafika kwenye nyumba za watu na wewe bado unaongeza." Ukacheka nao. Nikacheka na mimi. Kicheko hicho nakidharau kuliko vicheko vyote nilivyowahi kucheka, na sitafuti mtu wa kumbebesha.

Mwaka uliotangulia, tajiri mwenyewe alikuwa amepimwa na kutibiwa tezi dume. Alitusimulia pale mwaloni kama mtu aliyerudi Maka. "Waliniuliza usiku naamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Nikawaambia mara nne. Wiki ileile wakanipeleka kwa daktari bingwa." Maradhi aliyajua, dalili alizijua, na njia ya kwa bingwa aliijua.

Kwa hiyo bingwa alipokuja mjini kwetu kwa siku tatu, ulimwendea tajiri bila wasiwasi. Nilikuwa nyuma yako nimebeba taa.

"Tajiri, naomba kesho nisiende ziwani. Nataka nikamwone daktari."

"Rama, giza halikai. Madaktari wapo siku zote, dagaa hawapo."

"Mkojo unanisumbua."

"Hiyo ni baridi ya ziwa. Vaa sweta. Nenda mbalamwezi."

Mtu huyo alikuwa na dawa za tezi dume mfukoni mwa kanzu. Sijawahi kumwona binadamu akijishusha namna ile huku amesimama wima. Alilala kwake, kwenye godoro na chandarua, alfajiri akapiga simu kuuliza tumepata ndoo ngapi. Hakuuliza sweta.

Mbalamwezi ilipokuja tukaenda wote. Bingwa alishaondoka. Tukaishia kwenye zahanati moja, jina lake naliacha, kwa tabibu aliyekuwa na karatasi yenye maswali. Akauliza bila kuinua kichwa, "Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

Ukamjibu, "Siamki."

Ulisema kweli. Utaamkaje na hujalala? Hata mbalamwezi usingizi wako ulikuja mchana. Usiku wako ulikuwa kwenye maji, umesimama, macho kwenye taa. Swali lile lilitungwa na mtu anayelala usiku, kwa ajili ya watu wanaolala usiku, na yule bwana hakuona haja ya kukuuliza unafanya kazi gani, ingawa shati lako lilikuwa linanuka dagaa chumba kizima. Akaandika "hapana", akakupa vidonge vya njia ya mkojo. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Nilikuwa najua kwamba mchana unaamka mara tano, maana kila mara ulipita juu ya miguu yangu. Sikuona kosa lolote katika jibu lako. Tuliondoka tumefurahi, ukaninunulia samaki, mgebuka wa kukaanga, tukala tukitembea.

Mwaka mmoja baadaye kiuno kilikukataza kuingia chomboni. Bingwa aliyekupima safari hiyo alituambia ni saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa. Alikuwa mtu mpole. Alikuuliza kazi, ukamwambia. Akauliza miaka mingapi ya usiku, ukamwambia.

"Mwili una saa yake," akasema. "Mtu akikaa kwenye mwanga usiku na kulala mchana kwa miaka mingi, saa hiyo inavurugika. Wataalamu wana shaka kwamba jambo hilo linaongeza hatari ya saratani, na hii ya tezi dume ikiwamo. Lakini bado wanabishana, na siwezi kukuambia kwamba ndilo lililokupata wewe."

Sitamzidi maneno aliyesoma. Sisemi usiku ndio uliokuua. Nasema usiku ulikuficha, na watu waliokuwa na taa mikononi hawakutaka kukumulika. Daktari alisema jambo jingine pia, akinitazama mimi: mdogo wa damu naye apimwe, asingoje dalili.

Dalili zimekuja, kaka. Tangu mfungo uliopita nasimama muda mrefu. Safari hii ni mimi ninayeamka mara tano mchana, na mke wangu ndiye aliyezihesabu.

Bingwa amefika tena. Yupo kesho tu, na kesho ni giza. Leo asubuhi, tunashusha ndoo, nilimwambia tajiri.

"Leo usiku siendi ziwani. Kesho nakwenda kupimwa."

"Na wewe tena? Mmerithishana?"

"Ndivyo alivyosema daktari, inawezekana."

"Ukikosa leo, Issa, nafasi yako ina mtu."

"Mpe. Ila mwambie kwa nini iko wazi."

Akatazama pembeni, akajifanya anakagua fundo la kamba. Yule Hamadi mropokaji akasema, "Issa, wakikupima kwa kidole usirudi kukaa na sisi." Wawili watatu wakacheka. Nikamwambia kaburi lako si mbali, aende akakuchekeshe wewe. Tukaendelea kushusha ndoo mpaka mwisho, maana kazi ya jana ilikuwa ya kwangu na niliimaliza.

Wao ni watu wadogo, kaka. Ninyi wanaume wa mwalo mnaosoma hapa, nami nilikuwa mmoja wenu, mnaona aibu ya dakika moja kwa daktari ni kubwa kuliko mwenzenu kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Mimi nilimgeuza ubavu. Nilimsikia. Endeleeni kucheka, lakini msinitazame nicheke nanyi.

Sasa jua linakaribia milima ya Kongo. Vyombo vinaanza kutoka, nasikia injini, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa kijana sipo ndani. Sijui usiku watu wanalalaje. Shemeji ameniambia nifumbe macho tu. Majibu yakiwa kama yako, yatakuwa yamenikuta bado natembea. Yakiwa mengine, nitatafuta kazi ya mchana, hata kuuza vitunguu Mwandiga.

Naogopa, na hilo sikumwambia mtu mwaloni. Huko uliko, kama mnaruhusiwa kuwakumbuka walio hai, kesho saa mbili asubuhi unikumbuke.

Mdogo wako,
Issa