Nimekutua Masomo ya Wakubwa

Songo, Uvira
Tarehe 10 Februari 1957

Mpendwa mujukuu wangu Ildephonse,

Minye koko wako Nyandwi, mama ya baba yako, nakusalimia sana. Habari ya mwili? Unakula? Unalala? Usinijibu kwamba uko muzima tu, kwa sababu kila barua unaandika uko muzima, na ile foto uliyotuma inasema maneno mengine. Shingo imekuwa ndefu kama ya korongo wa muto Ruzizi. Mama yako Marie-Rose aliiangalia akasema mutoto amekuwa bwana. Nikamwambia, bwana gani, huyu ni mufupa umevaa kravate shingoni.

Sisi huku tuko wazima. Goti la baba yako limepona, anakwenda shambani bila fimbo. Mvua imenyesha vizuri, maharagwe yamejaa, na ndagala wamevuliwa wengi mpaka paka wa Songo wanachagua. Mungu anatukumbuka.

Sasa kwanza nikupongeze, kisha nikugombeze, maana yote mbili ni haki yako.

Habari kwamba umefaulu nusu ya kwanza ya mwaka ilifika siku ya soko. Minye sikuuza kitu tena siku ile. Nilizunguka kati ya wamama nikiwaambia mujukuu wangu iko universite kule Élisabethville na amefaulu, na yule ambaye hakusikia nilimurudia. Mama mumoja anayeuza chumvi akaniuliza: "Nyandwi, hiyo universite ni kitu gani?" Nikamujibu: "Ni mahali ambapo mutoto wako hayuko." Nilipoungama, padri alinipa rozari nzima kwa jibu hilo. Nimeisali, nayo ilikuwa rozari tamu.

Haya, sasa sikio lako.

Baba yako alitusomea barua yote. Umesema mwisho wa mwezi huu utawapa wakubwa wa shule karatasi ya masomo ya nusu ya pili. Ya lazima iko tatu: hesabu, historia, na ile ya kufundisha watoto. Juu yake muntu anaweza kujiongezea kidogo akiwa na nguvu. Weye umejiongezea Kilatini, kontabilite ile ya hesabu za pesa za ofisi, mashini ya kuandika, na magonjwa ya ngombe. Na umesema wazi kwamba muntu akianguka mwisho wa mwaka anarudishwa kwao. Yaani umeona shimo, ukajifunga mawe miguuni, ukaendelea kutembea. Kisha chini ukaandika kwa herufi ndogo, kama muntu anayenong'ona: niliwaahidi wakubwa, sina namna.

Ahadi hiyo naijua, nilikuwa pale. Siku ya kukuaga, chungu cha pombe kilikuwa katikati ya uwanja, na kila mukubwa aliyekupa murija alikutuma somo kabla ya kukuacha unywe. Baba yako mukubwa Basile, kwa kuwa ni katekista, akakutuma Kilatini. Baba yako mudogo André, kwa kuwa ni karani wa bandari ya Kalundu, akakutuma kontabilite na mashini. Mujomba wako Ndihokubwayo akashuka kutoka milima ya Mulenge na ngombe zake zote kichwani, akakutuma dawa ya ngombe. Na weye mutoto wa adabu ukanywa kwa wote. Kwetu aliyekunywa amekubali. Kwa hiyo kuwaandikia kwamba hutaki kungekuwa tusi, hapo nakuelewa. Lakini minye koko yako ungeniambia. Mudomo uliuacha kwenye treni?

Neno lililotoka kwenye murija linarudi kwenye murija. Nikatengeneza pombe ya ndizi, nikaita wote watatu Jumapili nyuma ya misa. Walikuja mbio, hakuna aliyeuliza sababu. Wakakaa kuzunguka chungu. Mirija yote ilikuwa mukononi mwangu.

Nikawaambia: "Leo anayekunywa hapa ni yule anayemurudishia Ildephonse uhuru wake."

Basile akacheka. "Mama, tupe mirija, jua ni kali."

"Litakuwa kali zaidi. Kilatini ya nini?"

"Ni lugha ya Kanisa, mama."

"Weye unaijua?"

"Ile ya misa tu. Nyingine hapana."

"Na Mungu anakusikia?"

"Ananisikia."

"Sasa mutoto anatafuta nani zaidi ya huyo?"

Akakuna kichwa, akaangalia chungu, akasema mbele ya wote: "Ildephonse, Kilatini nimekurudishia." Nikamupa murija.

André alikuwa mugumu. Karani anapenda kupima maneno. Akasema kazi za ofisi zinakuja nyingi, na katika nyumba hii nani mwingine atajua mashini ya kuandika? Dada yako Candide alikuwa mulangoni anachambua maharagwe. Akasema bila kuinua kichwa: "Minye."

André akamuangalia kama vile kiti kimesema.

"Masista iko nayo, baba mudogo. Wanafundisha wasichana wakubwa. Vidole ninavyo."

"Na kontabilite?"

"Hiyo utanifundisha weye, Jumamosi."

Ildephonse, ungeona uso wa André. Miaka yote anajigamba na kalamu yake sikioni, na hakuna muntu aliyewahi kumuomba afundishe kitu. Akakohoa, akasema msichana aje na penseli iliyochongwa, yeye hapendi mchezo. Akakurudishia masomo yote mawili, akanywa. Jana Candide alikuwa na somo la kwanza. Amerudi anamusahihisha baba yako hesabu ya mihogo, na baba yako amefurahi vibaya.

Ndihokubwayo ndiye alinitoa jasho. Alikaa na mikono imefungwa, wenzake wakinywa. Akasema: "Homa imeniua ngombe wawili. Mutoto asiposoma dawa, nitamwambia nani?" Hapo sikumucheka, kwa sababu kifo cha ngombe ni kifo. Akasimama, akashika fimbo yake. "Na ile ngombe niliyosema nitatoa siku ya mahari yake, basi nayo nitaifikiri tena." Marie-Rose akashika mudomo. Minye nikajiuliza, bila ngombe ile utaoa nani, korongo?

Nikamwambia: "Mukwe wangu, kabla hujaenda, nijibu. Ngombe wako wakipanda mulima, unawafungia mizigo mugongoni?"

Akakasirika. "Ngombe wangu? Hawabebi hata majani."

"Kwa nini?"

"Watakonda. Maziwa yatakatika. Hiyo swali ya muntu gani?"

Nikamupa foto yako.

Aliishika mbali, kisha karibu. Aliangalia hiyo shingo mpaka inzi wakaingia kwenye pombe. Mwisho akasema polepole: "Huyu kule hata maziwa hapati." Akakaa. Akakurudishia somo lake, akanywa kuliko wote. Baba yako atamupeleka kwa muganga wa ngombe wa serikali anayepita kwenye bonde, na ngombe ya mahari iko, tena sasa amesema itakuwa mutamba. Amekutumia kopo la siagi. Ule, usiwagawie wenzako wote kwa adabu yako hiyo.

Basi sikiliza namna utaandika hiyo karatasi. Masomo matatu ya lazima. Juu yake moja. Moja, Ildephonse, hata kama wanaruhusu zaidi. Saa zinazobaki ulale, ucheze mupira, ufue mashati.

Na hilo moja uchague weye mwenyewe. Katika sisi hakuna aliyekutuma, wala minye. Kama ni nyota, nyota. Kama ni nyimbo, nyimbo. Basile alikuwa amekwisha kuanza, "Labda Kigiriki kidogo," nikamunyang'anya murija. Nimewaambia wote kwamba atakayekuandikia kukushauri nitajua, kwa sababu barua zinapita Kalundu kwa André, na André ananiogopa.

Baba yako na mama yako wanakusalimia. Candide anasema akishajua mashini, barua inayofuata ataandika yeye, na hutahangaika tena na mwandiko wangu. Basile, André na mujomba wako wanakusalimia kwa mioyo myepesi. Usalimie wenzako unaolala nao chumba kimoja, na uwaulize mama zao wanawagombeza namna gani.

Mungu akulinde kichwa, miguu na tumbo. Akupe mwili juu ya hiyo mifupa. Na siku ya karatasi, mukono wako uandike somo lile moja bila kutazama nyuma kuona nani anakasirika, maana huku hakuna.

Minye mwenye kukupenda na kukugombeza,

Koko yako Nyandwi