Boti ya Kanyangi na Boti ya Kikima

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Asante Mungu kwa siku hii! Kazi imenifuata mpaka karakana hapa Kwa Vonza, nami nimekaa tu napiga miayo. Gachanja amekuja na pikapu yake kutoka Emali — yule mwenye duka la mabati na misumari, Mkikuyu anayeongea Kikamba kutushinda sisi wenyewe. Amekodi kipande cha ufuo kule bwawani Masinga. Anataka watu wa Nairobi waje kucheza majini. Mchezo wenyewe ni huu: boti inakimbia, nyuma kuna kamba, mwisho wa kamba kuna mtu amesimama juu ya ubao, miguu imefungwa. Na si kwamba ameiba kitu. Ni kwa hiari yake! Binti yake Nyawira aliujua huko Amerika. Unaitwa wakeboard.

Boti mpya kabisa hawezi kununua. Zilizotumika amepata mbili. Ya 1974 iko Kikima, kwa mzee anaitwa Muli. Ya 1989 iko Kanyangi, kwa mjane anaitwa Nthenya. Mimi nipime injini, nichague. Na itakayochaguliwa nitaiendesha na kuitunza, kazi ya mshahara.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Boti sijawahi kupanda. Kuogelea sijui. Lakini injini ni injini, na sikio langu halijawahi kunidanganya. Posho mill, mashine ya kusaga unga, ikiugua naijua ugonjwa wake nikiwa bado barabarani. Mke wangu Ndinda amecheka mpaka ameketi chini. Anauliza kama boti nitaijaribu kwa vumbi.

Jumanne, 13 Agosti

Nyawira amekuja kunieleza, kwa heshima kabisa, ingawa kaptura yake imesimamisha soko. Anasema kitu cha kwanza si mwendo, ni wimbi. Boti ya zamani ni nzito, injini imekaa katikati, inazama kidogo na kuacha wimbi nene nyuma. Hilo ndilo mtu anarukia. Ya 1989 ni nyepesi, injini imening'inia nyuma, wimbi lake dogo, lakini haivuji na spea zinapatikana. Yeye anataka ya zamani. Baba yake anataka hiyo ya 1989, maana wageni wanachagua kwa macho. Wamekubaliana injini iamue. Yaani mimi! Nalala nikijiona mtu mkubwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Kanyangi, pamoja na Gachanja. Jua kali, hata mbuzi wamechoka kulia.

Nthenya ni mama wa miaka hamsini hivi, mpole. Mumewe Nzioka alikuwa dereva wa boti huko bwawani. Mzungu wake alipohama akamwachia hii. Nzioka alikufa mwaka jana. Boti imefunikwa turubai, safi, rangi bado inang'aa. Mama anataka kuiuza ajenge tangi la maji. Sasa hivi anatuma punda mtoni Athi, kwenda na kurudi ni nusu siku.

Alikuwa ameweka pipa nyuma ya injini na mitungi minne ya maji kando. Akasema, "Fundi, marehemu alikuwa anawashia ndani ya maji. Niyamwage pipani?"

Nimeangalia yale maji. Nimeangalia punda bado anatoka jasho. Nikasema, "Wacha, Mama. Hiyo ni maji ya watu kunywa, si ya kuosha chuma." Rejeta nilikuwa nimetafuta na sikuona, basi nikajua inapozwa na upepo kama pikipiki. Nimewasha. Aiya, ilishika mara moja! Nikasikiliza na kusikiliza, nikaongeza mafuta, dakika kama nane. Kisha sauti ikabadilika. Harufu ya mpira kuungua. Moshi. Nimezima.

Nikatoa hukumu yangu palepale, mbele ya wote wawili: injini imechoka, haifiki Krismasi. Gachanja akampa mama pole. Nthenya hakubishana. Alikunja turubai polepole, akasema asante, angalau nimehurumia maji yake.

Nimeumia kwa ajili yake, lakini kazi ni kusema ukweli. Nashukuru Mungu kwa sikio.

Ijumaa, 16 Agosti

Basi la Kanyangi limeniletea chupa ya asali! Kutoka kwa Nthenya. Kikaratasi kinasema: kwa fundi aliyejua thamani ya maji. Ndinda amesema watu kama hao wamebaki wachache. Watoto wameingiza vidole kabla chai haijaiva. Moyo wangu umejaa kabisa leo.

Jumamosi, 17 Agosti

Kikima. Baridi, ukungu, kijani kila mahali. Na maji — bomba linatiririka uani na hakuna anayeshtuka! Boti ya Muli iko katikati ya kahawa, kuku amelalia mayai kwenye kiti cha dereva. Muli alipika miaka ishirini katika klabu moja ya watu wa boti, wakamwachia hii alipostaafu. Mbao imepauka lakini ngumu. Injini kubwa, iko katikati kama Nyawira alivyosema.

Nilinyoosha mkono niwashe. Mzee Muli alipiga kelele kama nimeshika mtoto wake.

"Usiwashe! Ngoja maji, wewe!"

Akaleta paipu kutoka bombani, akaiunga chini. Anasema injini ya boti haina rejeta kwa sababu ziwa ndilo rejeta. Kuna pampu inavuta maji, na ndani ya pampu kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Maji yasipokuwepo, mpira unaungua kabla hujamaliza Baba Yetu. Nikauliza, na zile injini za kuning'inia nyuma? Akasema hizo ndizo kabisa, ndiyo maana watu hutumbukiza kwa pipa.

Nimesikiliza injini ya Muli nusu saa. Sikusikia chochote, akili iko Kanyangi. Mzee akaniuliza mara mbili kama naumwa.

Ni mimi. Ile ya Kanyangi haikuchoka. Nimeichoma mimi.

Jumapili, 18 Agosti

Kanisani walipoita wenye ushuhuda nimesimama. Nimeshukuru kwa kazi, kwa afya, kwa safari njema ya Kikima. Watu wakapiga makofi. Nimeketi na shati limelowa mgongoni.

Najiambia ya Muli ndiyo ina wimbi zuri, Nyawira mwenyewe alisema. Hata bila mimi ingeshinda. Labda. Najiambia pia kwamba sikukusudia. Yote ni kweli na hayanisaidii. Nikisema, nani ataniachia boti niendeshe? Nani ataniletea hata posho mill?

Chai nimekunywa bila asali. Ndinda ameona.

Jumatatu, 19 Agosti

Gachanja amepita kwa furaha. Muli anashuka Emali Jumatano kufunga mapatano. Halafu akasema, kama mtu anayesimulia habari ya mvua, kwamba yule mama wa Kanyangi amepata mtu wa vyuma vikuukuu. Ataibeba Ijumaa kama takataka, kwa kuwa fundi amesema imekufa. Tangi basi, labda mwaka mwingine.

Nimehurumia mitungi minne, nikamnyang'anya tangi zima!

Nimemwambia Ndinda yote. Hakunigombeza. Amesema kazi ingine tutapata, jina ingine nitatoa wapi. Kisha amenitafutia nauli. Mungu ambariki mwanamke huyu, sijui aliona nini kwangu.

Jumanne, 20 Agosti

Nimefika Kanyangi saa nne. Nimemwomba Nthenya ruhusa, nimefungua pampu. Mabawa yote sita yamekatika, makombo meusi tu. Nimezungusha injini kwa mkono: inazunguka, laini. Mpira mpya ukiwekwa huenda iko sawa. Huenda. Siapi tena kwa sikio.

Nilimweleza nikiwa nimepiga magoti, si kwa toba, ni kwa sababu pampu iko chini. Lakini sikuinuka.

Aliyatazama yale makombo. Kisha akasema, "Fundi, unajua nimelala siku tano nikimlaumu marehemu? Aliniambia hii injini ni nzima, nisiiuze kwa bei ya kutupa. Uliposema imekufa, nikasema kumbe Nzioka alinidanganya mpaka kaburini."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nililia, naandika wazi, nililia na spana mkononi.

Nikasema nitarudisha asali iliyobaki, ni nusu. Akasema, "Wachia watoto. Sitaki asali. Uliniaibishia bwana yangu mbele ya Gachanja. Sasa utasema mbele ya Gachanja, na mimi nikiwa hapo."

Kisha akanipa uji. Baada ya hayo yote, uji! Nimeunywa wote.

Jumatano, 21 Agosti

Emali. Naandika kwenye benchi nje ya duka la Gachanja. Nthenya ameketi karibu nami, amevaa nguo ya kanisani, mkoba magotini. Makombo ya mpira yako kwenye bahasha mfukoni mwangu. Tumekuja kwa basi moja. Amenitolea ndizi, nimekula.

Ndani nasikia sauti ya Muli, anacheka. Bado hawajapeana mikono, Nyawira ametuambia akipita. Amemsalimia mama vizuri, akaniangalia, akauliza kama kuna shida. Nimesema iko.

Ajabu ni kwamba nashukuru. Ningekuwa nyumbani sasa ningekuwa nimejificha chini ya mashine ya mtu.

Gachanja ametoa kichwa mlangoni. "Fundi, ingia! Tunangoja neno lako tu juu ya ile ya Kikima tumalize. Mama apumzike hapo nje kidogo."

Nthenya hakunitazama. Alikuwa ameshasimama.

Nimemwambia Gachanja tunaingia wote wawili, na tutaanza na ile ya Kanyangi. Ameacha kutabasamu. Amesema basi ngojeni, viti vimejaa misumari, niwatolee.

Nasikia anaburuta viti.